Kuchagua aina za kunde kwa maganda mabichi na punje mbichi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kunde ni zao moja lenye mavuno kadhaa: majani, maganda mabichi, punje mbichi na punje kavu. Mkanganyiko mwingi kuhusu mbegu huanzia hapo, kwa sababu mtu huuliza "aina ipi ni bora?" kabla hajaamua atachuma nini. Majibu yaliyo hapa yanahusu mavuno mawili ya katikati, yaani maganda mabichi na punje mbichi. Majani na punje kavu yametajwa pale tu yanapogusa uamuzi huo.

## Mambo ya msingi

1. Kuna tofauti gani kati ya maganda mabichi, punje mbichi na kunde kavu?

Zote hutoka kwenye mmea mmoja, *Vigna unguiculata*. Kinachotofautiana ni siku ya kuchuma. Maganda mabichi huchumwa yakiwa machanga, mbegu za ndani zikiwa ndogo na laini, na huliwa mazima. Punje mbichi huvunwa baadaye, mbegu zikiwa zimejaa na kufikia ukubwa wake wote lakini hazijaanza kukauka. Wakati huo ganda limeshakuwa gumu kuliwa, hivyo humenywa na kutupwa au kupewa mifugo. Kunde kavu huachwa shambani mpaka ganda likauke kabisa na mbegu zilie ndani likitikiswa.

Hatua hizi hupita haraka. Katika joto la kutosha, ganda huchukua takriban wiki tatu tu tangu ua lichanue hadi likauke. Maganda machanga huwa tayari karibu siku ya 7 hadi ya 12 baada ya ua kuchanua, na punje mbichi karibu siku ya 14 hadi ya 18. Mahali penye ubaridi kila hatua hurefuka. Aina nzuri kwa mavuno mabichi ni ile ambayo, pamoja na sifa nyingine, hukuongezea siku chache ndani ya dirisha hilo jembamba.

2. Je, siwezi kupanda aina inayozaa sana kunde kavu, kisha nikaivuna ikiwa mbichi?

Unaweza, na kwa punje mbichi mara nyingi hutajuta sana, hasa ikiwa aina hiyo ina mbegu kubwa zenye ngozi laini. Kwa maganda mabichi hali ni tofauti. Watafiti wanaozalisha aina za kunde kavu hutafuta ganda jembamba linalokauka upesi, linalopurika kwa urahisi na kuiva kwa wakati mmoja na wenzake. Anayekula ganda hutafuta karibu kinyume chake: ukuta mnene wenye maji, nyuzi chache, na ukomavu unaochelewa.

Hivyo orodha ya aina zilizoongoza katika majaribio ya kunde kavu haikuambii mengi kuhusu mavuno mabichi. Aina inayoshika nafasi ya nne au ya tano kwa uzito wa punje kavu inaweza kuwa ya kwanza ukipima maganda machanga, kwa kuwa huendelea kutoa maua kila inapochumwa. Hakuna njia ya mkato hapa: aina ipimwe katika hatua ile ile itakayovuniwa. Namna ya kupima imeelezwa katika swali la 16.

3. Kunde ndefu, zile zinazoning'inia kama kamba, ni mmea mwingine?

Hapana. Ni kundi ndani ya spishi ile ile, na wataalamu wa mimea hulitambulisha kwa jina la *sesquipedalis*, neno la Kilatini lenye maana ya "futi moja na nusu". Jina hilo lina unyenyekevu, kwani maganda yake hufika sentimita 30 hadi 90. Asili ya kunde ni Afrika, lakini kundi hili lilikuzwa Asia, ambako wakulima walichagua kwa vizazi vingi mimea yenye ganda refu na nene badala ya mbegu nyingi.

Mambo mawili hufuata kutokana na historia hiyo. Kwanza, mimea yake mingi hupanda juu na inahitaji miti au kamba za kuegemea zenye urefu wa karibu mita mbili. Pili, punje zake si lengo: ganda likikomaa hunywea na kulegea kuzizunguka mbegu, ambazo ni chache ukilinganisha na urefu wa ganda. Anayetaka punje mbichi asichague kundi hili kwa kuvutiwa na urefu.

4. Nikiwa na muda wa kuchunguza sifa chache tu, nianze na zipi?

Kwa maganda mabichi, anza na nyuzi, kisha idadi ya siku ambazo ganda hubaki laini, kisha uwezo wa mmea kuendelea kuzaa baada ya kuchumwa. Rangi na urefu hufuata. Kwa punje mbichi, anza na ukubwa wa mbegu, urahisi wa kumenya, na dalili ya wazi ya kwamba ganda limefikia hatua inayofaa.

Kuna sifa moja inayofaa pande zote mbili na ambayo husahauliwa mara nyingi, nayo ni mahali ganda linapokaa. Aina ambazo vikonyo vyake hubeba maganda juu ya majani huchumwa haraka, kwa sababu mchumaji haoni taabu ya kufunua majani na hapitiwi na ganda. Ganda lililosahauliwa hukomaa, na mmea unaoanza kukomaza mbegu hupunguza maua mapya.

## Maganda mabichi

5. Nitajuaje kwamba aina fulani ina nyuzi?

Kwa mikono yako, tena kwa dakika chache. Chukua ganda lenye unene wa kalamu ya risasi, ambalo mbegu zake hazijaanza kuvimba kwa nje. Likunje katikati. Ganda zuri hukatika kwa mlio mkavu na sehemu mbili hutengana kabisa. Lenye nyuzi hupinda, hukatika upande mmoja, na kipande cha pili hubaki kikining'inia kwenye uzi wa mshono. Kisha vunja ncha na uivute kuelekea upande mwingine: uzi ukifuata urefu wa ganda zima, utaukuta pia baada ya kupika.

Jaribio hilo likifanywa siku moja tu halitoshi. Tia alama kwa uzi wa rangi kwenye maua yaliyochanua asubuhi moja, kisha kunja maganda matatu au manne ya alama hiyo kila siku kuanzia siku ya 7. Utaona siku ambayo aina fulani inaanza kuwa na nyuzi, na tofauti ya siku mbili au tatu kati ya aina moja na nyingine ni kubwa sana kwa mtu ambaye hawezi kuchuma kila siku.

6. Je, ganda refu ni bora kuliko fupi?

Si lazima. Ganda refu hupunguza kazi ya kuchuma, kwa kuwa kilo moja hutimia kwa maganda machache. Lakini ganda refu kwenye mmea mfupi hugusa udongo, hujipinda, huchafuka na kuoza ncha wakati wa mvua. Kwa mimea inayosimama wima bila kuegemezwa, ganda lenye urefu wa wastani linalokaa juu ya majani lina faida zaidi. Ubaya wa ganda fupi huonekana zaidi kwenye malipo ya wachumaji kuliko kwenye ladha.

7. Rangi ya ganda ina umuhimu gani?

Kuna ya kijani kibichi, ya kijani kilichofifia kinachokaribia weupe, na ya zambarau. Rangi haiamui ulaini. Maganda ya kijani kilichokolea mara nyingi hupendwa na wanunuzi kwa kuwa huonekana mabichi kwa muda mrefu zaidi, ilhali yaliyofifia huonyesha madoa na michubuko mapema. Zambarau huonekana kwa urahisi kati ya majani, jambo linalomsaidia mchumaji, ila kwa kawaida rangi hiyo hupotea au kuwa kijani kibovu ikipikwa. Muulize mnunuzi kabla ya kununua mbegu.

8. Nichague mimea inayopanda juu au ile mifupi?

Swali hili huamuliwa na nguvukazi na miti kuliko mmea wenyewe. Mimea inayopanda juu ina ukuaji usio na kikomo: huendelea kurefuka na kutoa maua kwa wiki nyingi, maganda hukaa safi hewani, na eneo dogo hutoa mavuno mengi. Gharama yake ni miti, kamba, na kuchuma kila baada ya siku mbili au tatu bila kukosa. Nafasi ya mita 0.75 hadi 1 kati ya mistari huruhusu mchumaji kupita.

Mimea mifupi inayosimama wima hupandwa karibu zaidi, kwa mfano sentimita 50 hadi 60 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, na huzaa kwa kipindi kifupi. Humfaa mtu mwenye shamba kubwa, maji machache au msimu mfupi. Ile inayotambaa ardhini bila kuegemezwa ndiyo nisiyoipendekeza kwa maganda mabichi: inafunika udongo vizuri na kuzuia magugu, lakini maganda yake hujificha, huchafuka, na kila ukichuma unakanyaga mavuno ya wiki ijayo.

## Punje mbichi

9. Punje mbichi ziko tayari lini hasa?

Pale mbegu zinapokuwa zimejaa, zinagusana ndani ya ganda au karibu kugusana, na bado ni laini zikibanwa kwa kucha. Ukichuma mapema unapata punje ndogo zenye maji mengi na kazi nyingi ya kumenya. Ukichelewa, ngozi ya mbegu hukakamaa, rangi hubadilika, na punje hazipikiki pamoja na zile laini.

Aina nyingine hukusaidia kwa kubadili rangi ya ganda. Ile ya Marekani inayoitwa Pinkeye Purple Hull imepewa jina lake kutokana na ganda linalogeuka zambarau linapokaribia kuwa tayari, kwa hiyo hata mchumaji mgeni hakosei sana. Mississippi Silver ganda lake hupata mng'ao wa fedha. Aina ambazo ganda hubaki kijani vile vile hadi siku ya kuanza kukauka humlazimu mchumaji kuyapapasa moja moja, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu ya kutosha kuikataa aina pale ambapo wachumaji ni wa vibarua vya siku moja.

10. Ninapimaje kiasi cha punje ninachopata kutoka kwenye maganda?

Pima kilo moja ya maganda yaliyochumwa asubuhi ile ile, yamenye, kisha pima punje peke yake. Gawanya uzito wa punje kwa uzito wa maganda. Wakati huo huo andika dakika ulizotumia kumenya. Namba hizo mbili kwa pamoja zinaeleza mengi kuliko uzito wa maganda kwa hekta, kwa sababu ganda nene lenye maji linaweza kuifanya aina ionekane inazaa sana shambani huku bakuli likibaki tupu jikoni.

Rudia kipimo hicho katika michumo miwili au mitatu. Mchumo wa kwanza huwa na maganda yaliyojaa vizuri, ilhali ya mwisho mara nyingi yana nafasi tupu kati ya mbegu, na aina hutofautiana sana katika kuporomoka huko.

11. Kwa nini kunde nyingine ni ngumu kumenya?

Ni suala la mshono wa ganda na jinsi mbegu zilivyobanana. Aina zenye ganda linalofunguka kwa kuvuta upande mmoja humenywa haraka, na mojawapo, Zipper Cream, imeitwa kwa jina la zipu kwa sababu hiyo. Lipo pia kundi ambalo mbegu zimesongamana kiasi kwamba ncha zake zimekuwa butu. Hilo hujaza bakuli haraka, lakini likivunwa kabla ya wakati mbegu hunata kwenye ukuta wa ganda na kupasuka. Maganda yakiachwa usiku mmoja mahali penye ubaridi na hewa hulegea kidogo na kumenyeka kwa urahisi zaidi. Ya zamani zaidi ya hapo hunyauka na kuwa kama ngozi.

12. Rangi ya punje na ya jicho lake hubadilisha nini jikoni?

Hubadilisha mchuzi. Punje zenye ngozi nyeusi, nyekundu au ya kahawia huutia mchuzi rangi, hata zikivunwa mbichi. Zile nyeupe au za rangi ya maziwa zisizo na jicho la rangi, au zenye jicho dogo tu, huacha mchuzi mweupe. Zenye jicho jeusi huwa katikati: punje huvutia zikiwa mbichi, na mchuzi hutiwa weusi kwa kadiri ya ukubwa wa jicho. Ladha nayo hutofautiana, lakini hiyo ionje mwenyewe.

Kwa wanaogandisha punje, tatizo ni jingine. Punje nyingi mbichi hupoteza ukijani zinapokaribia kukauka, hivyo mfuko mmoja huwa na punje za kijani na nyeupe zilizochanganyika. Zipo aina zilizozalishwa mahususi ili punje zibaki kijani hata zikikauka, Charleston Greenpack ikiwa mfano unaojulikana. Kwa anayeuza punje mbichi za siku ile ile, sifa hiyo haina uzito mkubwa.

## Hali ya hewa na msimu

13. Kunde zangu zimejaa majani lakini hazitoi maua. Je, mbegu ni mbovu?

Huenda mbegu ni nzuri ila haikupandwa wakati wake. Kunde kwa asili ni mmea wa siku fupi, na mbegu nyingi za asili husubiri mchana upungue ndipo zichanue. Zikipandwa wakati mchana ni mrefu hutambaa, hujifunika kwa majani na kungoja. Hata karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana hubadilika kidogo tu, zipo mbegu zinazohisi tofauti hiyo ndogo. Kwa mavuno mabichi ya mwaka mzima chagua aina isiyojali urefu wa mchana. Uthibitisho wake ni rahisi: aina hiyo huchanua baada ya idadi ya siku inayokaribiana katika kila msimu.

Kabla ya kuilaumu aina, ondoa sababu nyingine mbili. Udongo wenye nitrojeni nyingi hulisha majani kwa hasara ya maua. Kunde hujipatia nitrojeni kutoka hewani kupitia vinundu vya mizizi, kwa hiyo samadi nyingi au urea haina msaada. Sababu ya pili ni kivuli, ambacho kimeguswa katika swali la 15.

14. Maua yapo, lakini yanadondoka bila kufanya maganda. Nibadilishe aina?

Tazama kwanza joto la usiku. Kunde hustahimili jua kali la mchana kuliko mazao mengi ya jamii yake, lakini usiku wenye joto linalozidi takriban nyuzi 20 za Selsiasi, hasa unapokutana na mchana mrefu, huharibu chavua au kusimamisha vitumba kabla havijachanua. Utafiti uliofanywa California ulionyesha kwamba ustahimilivu wa joto hilo hurithiwa, na CB27 ni mojawapo ya aina zilizotokana na kazi hiyo. Kwa hiyo, ndiyo, panapokuwa na usiku wa joto aina hubadilisha matokeo.

Ikiwa usiku ni wa kawaida, fungua maua machache na uyagonge juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya rangi nyeusi vinavyokimbia ni vithiripi, na hapo tatizo ni la wadudu. Ukame wa ghafla wakati wa maua pia hudondosha, ila mmea wenye ukuaji usio na kikomo huweza kuanza upya mvua ikirudi, na huo ni uzuri wake mmoja ambao mimea inayoiva kwa mkupuo haina.

15. Nichague aina ipi nikitaka kupanda pamoja na mahindi au mtama?

Ile inayokua haraka na kuzaa kabla mahindi hayajafunga kivuli, au ile inayotambaa na kustahimili kivuli hadi mahindi yanapokauka na kuacha mwanga. Kinachoshindwa mara nyingi ni ile fupi ya wima, yenye muda wa kati, kwa kuwa maua yake huangukia wiki zile zile ambazo kivuli ni kizito zaidi. Kwa maganda mabichi, kunde inayopanda juu ya mabua hufaa ikiwa bua ni imara, na ipandwe wiki mbili au tatu baada ya mahindi ili isiyaangushe.

Aina za mapema zina manufaa mengine. Nchini Senegal, aina ya Melakh, inayoiva kwa takriban siku 60 hadi 65, ilithaminiwa kwa sababu maganda yake mabichi huweza kuliwa kabla mazao mengine hayajawa tayari.

## Kujaribu, wadudu na mbegu

16. Nifanyeje majaribio yangu mwenyewe kabla ya kununua mbegu nyingi?

Chukua aina nne au tano, si zaidi, pamoja na ile unayoipanda sasa. Kila aina ipate mistari mitatu au minne ya mita tano, na upande mpango huo wote mara tatu katika sehemu tofauti za shamba, kila mara ukibadilisha mpangilio wa aina. Vuna mistari ya katikati peke yake, kwa kuwa mistari ya pembeni hudanganywa na jua na nafasi ya ziada.

Andika siku ya kuota, siku ambayo nusu ya mimea imechanua, na uzito wa kila mchumo. Usijumlishe haraka. Aina mbili zenye jumla sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja imetoa nusu ya mavuno katika mchumo mmoja, nyingine imeyagawa katika michumo minane. Ya kwanza humfaa anayegandisha au anayeuza kwa gari moja, ya pili humfaa mwenye wateja wa kila wiki. Kisha fanya jaribio la nyuzi la swali la 5 au kipimo cha swali la 10, na upike. Watu wasioambiwa majina ya aina waonje. Msimu mmoja hautoshi kuchagua, ila unatosha kukataa.

Mahali pa kupata mbegu za kuanzia ni vituo vya utafiti wa kilimo. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA) iliyoko Ibadan, Nigeria, hutunza katika benki yake zaidi ya sampuli 15,000 za kunde, na aina nyingi zinazosambazwa na vituo vya nchi mbalimbali zina damu iliyopitia huko.

17. Ipo aina isiyoshambuliwa na wadudu?

Haipo. Zipo zinazostahimili adui fulani, na ustahimilivu huo haumaanishi kitu kwa adui wa pili. Vidukari huja mapema na kuleta virusi. Vithiripi hukaa kwenye maua. Kiwavi mtoboa maganda, *Maruca vitrata*, hushona maua na maganda pamoja na kula ndani. Kunguni wafyonzaji hutoboa maganda na kuzikunja punje. Kwa mavuno mabichi huyo kiwavi ndiye mwenye hasara kubwa, kwa sababu tundu moja linatosha kulifanya ganda lisiuzike, ilhali kwenye kunde kavu mbegu nyingine tatu zingeokolewa.

Maumbile ya mmea husaidia. Maganda yanayokaa juu ya majani na yaliyoachana, yasiyogusana wala kugusa jani, hushambuliwa kidogo na kiwavi huyu kwa sababu hupenda kujificha mahali vitu viwili vinapokutana. Nchini Nigeria mwaka 2019 iliidhinishwa SAMPEA 20-T, aina iliyobadilishwa vinasaba ili imzuie kiwavi huyo. Haizuii vithiripi wala kunguni, na matumizi yake hutegemea sheria za kila nchi.

Jambo la kupanga pamoja na aina ni muda wa kusubiri baada ya kupulizia dawa. Ukichuma kila baada ya siku tatu, dawa inayohitaji kusubiri siku saba haina nafasi kabisa kuanzia mchumo wa kwanza. Aina inayochanua kwa kipindi kifupi hukuruhusu kumaliza kazi ya dawa wakati wa vitumba.

18. Shamba langu lina magugu yanayonyonya mizizi ya kunde. Nifanye nini?

Tambua kwanza ni gugu gani. *Striga gesnerioides* na *Alectra vogelii* yote hushika mizizi ya kunde, lakini ni mimea miwili tofauti. Na kiduha kinachoua mahindi ni spishi nyingine tena ambayo haina habari na kunde. Mbegu ya asili kutoka Botswana iitwayo B301 ilikuwa chanzo muhimu cha ustahimilivu dhidi ya magugu haya mawili. Hata hivyo, *Striga* ya kunde ina jamii kadhaa, na aina inayosalimika mahali pamoja inaweza kushindwa mahali pengine. Uliza aina ilijaribiwa wapi, kisha ipande sehemu yenye gugu jingi kabla ya kuiamini.

19. Naweza kutunza mbegu yangu mwenyewe, na je, aina mbili zikiwa jirani zitachanganyika?

Unaweza, kwa kuwa kunde hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa na aina zinazouzwa kwa kawaida si chotara. Nyuki wakubwa huleta mchanganyiko kidogo, kwa hiyo acha nafasi ya mita kadhaa au mstari wa zao jingine kati ya aina. Kunde ndefu na kunde za kawaida hupokeana chavua bila shida, jambo linaloeleza kwa nini mtu hujikuta na maganda ya urefu wa kila namna baada ya misimu michache.

Kosa kubwa liko kwingine: kuchuma maganda yote mazuri kwa kula na kuacha ya mwisho yawe mbegu. Hapo unachagua, bila kujua, mimea inayochelewa na maganda yaliyokosewa na wachumaji. Tenga mimea ya mbegu mapema, tia alama ile isiyo na majani yenye batobato kwa kuwa baadhi ya virusi husafiri ndani ya mbegu, na usiichume hata mara moja. Zikikauka, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa ili bungua wakose pumzi.

## Mambo yasiyo ya kawaida

20. Nikichuma majani pia, nitapoteza maganda kiasi gani?

Inategemea wakati na aina. Majani machache machanga yakichumwa kabla ya vitumba, mimea yenye nguvu hufidia kwa kutoa matawi. Yakichumwa wakati maganda yanajazwa, punje hupungua ukubwa. Aina za matumizi mawili, kama M66 na K80 zilizotolewa Kenya, zilikusudiwa majani na punje. Anayetaka maganda laini atenge mistari ya majani na mistari ya maganda, badala ya kuudai mmea mmoja vyote.

21. Maganda yangu hufika sokoni yakiwa na joto na madoa. Je, aina nyingine ingevumilia zaidi?

Kidogo. Ukuta mnene huvumilia msuguano kuliko mwembamba, na kijani kilichokolea huficha madoa madogo. Lakini maganda mabichi yanapumua kwa kasi, na gunia lililojazwa mchana huweza kuwa na joto katikati kiasi cha kuuhisi mkono ukiuingiza. Hakuna aina inayoshinda hilo. Chuma asubuhi umande ukiwa umekauka, tumia makreti yenye matundu, weka kivulini mara moja. Ukiwa na jokofu, epuka baridi inayokaribia kugandisha, kwa sababu maganda ya kunde huumia na kutoa madoa ya kutu siku mbili baada ya kutolewa.

22. Nimekuta sisimizi wengi kwenye vikonyo vya maganda. Niwapulizie?

Waache kwanza. Vikonyo vya kunde vina vitezi vidogo vinavyotoa utamu nje ya ua, na sisimizi huja kwa ajili hiyo hata pasipokuwa na mdudu mharibifu. Tazama kama chini yao kuna vidukari vyeusi vilivyoshikana. Vikiwepo, shughulikia vidukari, na sisimizi watapungua baadaye. Visipokuwepo, hasara yao ni kumng'ata mchumaji.